Namna ya Kuunda Kipokezi cha Ardhini chenye Kelele Ndogo kwa Mawimbi ya Vyombo vya Anga za Mbali

Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, hutuma mawimbi yake kwa nguvu ya takriban wati 20, na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Dishi lenye kipenyo cha mita 70, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yanayotumika kwa kazi hii, hukusanya kutoka kwake nguvu isiyofikia sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya wati. Hakuna fundi aliye ardhini anayeweza kukiongezea chombo hicho nguvu. Yaliyo ndani ya uwezo wake ni mawili tu: ukubwa wa dishi na utulivu wa kipokezi. Mwongozo huu unashughulikia hilo la pili, na unamlenga msomaji anayejua misingi ya redio, anayetaka kupokea kwa dishi la mita moja na nusu hadi tatu mawimbi ya vyombo vilivyo kwenye Mirihi au karibu zaidi.

Kila kitu chenye joto hutoa kelele ya redio, kwa kuwa chembe za umeme zilizomo ndani yake hazitulii. Ndiyo maana kelele hupimwa kwa kelvini, yaani halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi (nyuzi -273 za Selsiasi): kipokezi kinachosemwa kuwa na kelvini 50 huongeza kelele ileile ambayo ingetolewa na kizuizi cha umeme chenye halijoto hiyo kikiwa kimefungwa kwenye mlango wake. Nguvu ya kelele ni zao la vitu vitatu, yaani namba thabiti ya Boltzmann, halijoto, na upana wa masafa unaosikilizwa. Kwa halijoto ya kelvini 290, zao hilo ni dBm -174 (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja) kwa kila hezi moja. Ukishusha halijoto ya mfumo mzima kutoka kelvini 100 hadi 50, umepata faida ileile ambayo ungeipata kwa kuongeza maradufu eneo la dishi lako, tena bila kubadilisha nguzo wala mota.

Andika bajeti ya kelvini kabla ya kununua chochote

Chagua kwanza bendi. Vyombo vingi vya anga za mbali huteremsha mawimbi katika Bendi X, kati ya MHz 8,400 na 8,450. Baadhi hutumia Bendi S, kati ya MHz 2,290 na 2,300, na vichache hutumia Bendi Ka karibu na GHz 32. Kwa anayeanza, ninapendekeza Bendi X bila kusita. Anga ya huko ni baridi, kwa sababu masafa yaliyo chini ya GHz 1 hivi huchafuliwa na kelele ya galaksi, na yale yaliyo juu ya GHz 10 huanza kuumizwa na mvuke wa maji na mvua. Bendi Ka huhitaji dishi laini mno na ulengaji mkali, na wingu moja zito linaweza kuiharibu kazi yote ya jioni.

Kisha andika kwenye karatasi kila chanzo cha kelele na thamani yake. Mnururisho wa asili ulioenea ulimwenguni kote ni kelvini 2.7, huo ndio wanasayansi Penzias na Wilson waliougundua mwaka 1965 walipokuwa wakitafuta chanzo cha kelele ya ziada katika antena yao huko Holmdel, Marekani, na hauepukiki. Angahewa katika Bendi X, dishi likitazama utosini na anga ikiwa safi, huongeza takriban kelvini 3. Thamani hiyo hupanda kadiri dishi linavyoinama, kwa kuwa mawimbi hupita katika hewa nyingi zaidi: kwenye nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, njia ndani ya angahewa ni karibu mara sita ya ile ya utosini. Ardhi inayoonekana, kupita kingo za dishi, na pembe ya kupokelea (mdomo wa chuma uliokaa kwenye fokasi, mahali dishi linapokusanya mawimbi) ina takriban kelvini 290, hivyo asilimia 5 tu ya mwonekano ikimwagikia ardhini huleta zaidi ya kelvini 14. Amplifaya nzuri ya kwanza isiyopozwa, yenye kiwango cha kelele cha desibeli 0.7, huleta karibu kelvini 50. Jumla ya mfumo wa namna hii ni kati ya kelvini 75 na 100, na hiyo ni shabaha ya haki kwa mtu anayejenga nyumbani. Mtandao wa Deep Space Network wa NASA, wenye vituo vyake huko Goldstone, Madrid na Canberra, hufikia takriban kelvini 20 katika Bendi X kwa sababu amplifaya zake zimepozwa karibu na sifuri halisi.

Bajeti hiyo ina faida ya pili: inakuonyesha ni wapi juhudi itazaa matunda. Mtu anayehangaika kutafuta amplifaya bora kwa kelvini 10 huku pembe yake ikimwaga kelvini 30 ardhini anapoteza fedha.

Sentimita chache zinazoamua kila kitu

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ambayo ningependa isomwe mara mbili, ni hii. Kitu chochote kinachopoteza mawimbi kabla ya amplifaya ya kwanza hudhuru kwa njia mbili kwa wakati mmoja: hupunguza ishara, na huongeza kelele yake chenyewe kwa sababu kina joto. Upotevu wa desibeli 0.1 tu, ambao katika kazi nyingi za redio hakuna anayeujali, huongeza karibu kelvini 7 ikiwa kifaa kiko kwenye halijoto ya kawaida. Upotevu wa desibeli 0.5, ambao hupatikana kirahisi kwa kipande kifupi cha kebo na viunganishi viwili vilivyochakaa, huongeza kelvini 35. Zingatia pia kwamba madhara haya hukua kadiri mfumo unavyokuwa bora. Kelvini 7 juu ya mfumo wa kelvini 100 ni hasara ya desibeli 0.3, kelvini hizo hizo juu ya mfumo wa kelvini 20 zinakula desibeli 1.3.

Kwa hiyo usiweke kebo yoyote kati ya pembe na amplifaya. Funga amplifaya moja kwa moja nyuma ya pembe, na ikiwezekana tumia amplifaya ambayo mlango wake ni mfereji wa mawimbi (bomba la chuma linalopitisha mawimbi) badala ya kiunganishi cha kebo, kwa sababu kila adapta unayoiondoa ni kelvini ulizookoa. Mfereji wa mstatili wa aina ya WR-112 unafaa, kwani umekusudiwa masafa ya GHz 7.05 hadi 10. Nyuso za ndani ziwe safi na zisizo na kutu, na maungio yakazwe sawasawa pande zote, maana ufa usioonekana kwa macho kati ya kola mbili huvujisha mawimbi na kubadilisha vipimo kila bomba linapopata joto la jua.

Wengi hushawishika kuweka kichujio mbele ya amplifaya ili kuzuia mawimbi ya majirani. Usifanye hivyo mpaka uthibitishe kwamba amplifaya inalemewa. Mfereji wenyewe ni kichujio tayari: bomba la duara lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 haliruhusu kupita mawimbi yaliyo chini ya GHz 7 hivi, na kwa hiyo simu za mkononi na Wi-Fi ya GHz 2.4 hazipati njia. Hatari iliyo karibu zaidi ni setilaiti za kuchunguza dunia, ambazo huteremsha data kati ya MHz 8,025 na 8,400, mlangoni kabisa mwa bendi yetu. Hizo huzuiwa vizuri zaidi na kichujio kilichowekwa baada ya amplifaya ya kwanza, ambako upotevu wake hauna uzito.

Umeme wa kuendeshea amplifaya nao usipuuzwe. Transista za HEMT, aina yenye kelele ndogo, zinazotumika humo huvunjika kwa chaji tuli na hupenda kutetema zenyewe katika masafa yaliyo mbali na yale unayoyasikiliza. Vaa mkanda wa kutoa chaji unapozigusa, tumia umeme uliochujwa vizuri, na baada ya kuiwasha angalia bendi pana kwa kichanganuzi cha spektra. Amplifaya inayotetema kwenye GHz 3 inaweza kuonekana nzima katika GHz 8.4 huku kelele yake ikiwa imepanda maradufu.

Pembe na dishi

Dishi la mita 1.8 katika GHz 8.4, lenye ufanisi wa asilimia 55, lina ukuzaji wa takriban dBi 41 (desibeli zikilinganishwa na antena inayotuma sawa pande zote) na mwale wenye upana wa nyuzi 1.4. Uso wake unapaswa kufuata umbo la parabola kwa kosa la wastani lisilozidi milimita 1.2, ambayo ni sehemu moja ya thelathini ya urefu wa wimbi. Kosa hilo peke yake tayari linagharimu desibeli 0.8 hivi. Dishi la wavu linaweza kutumika endapo matundu yake ni madogo sana, lakini wavu hupitisha pia joto la ardhi kutoka nyuma, na hapo unapoteza kelvini ambazo hutazipata tena kwa njia nyingine.

Pembe ichaguliwe kulingana na uwiano wa umbali wa fokasi na kipenyo cha dishi lako. Wanaotafuta ukuzaji wa juu kabisa huiruhusu pembe iangaze kingo za dishi kwa desibeli 10 chini ya katikati. Kwa kazi yetu ni bora kushuka kidogo zaidi, hadi desibeli 12 au 13, kwa sababu kinachotakiwa ni uwiano wa ukuzaji na kelele, na ukuzaji unaoupoteza ni mdogo kuliko joto la ardhi unalolikwepa. Kadiri amplifaya inavyokuwa tulivu, ndivyo inavyofaa kuibana pembe zaidi.

Vyombo vingi hutuma mawimbi yenye polaraizesheni ya duara ya mkono wa kulia, yaani yanayojizungusha kuelekea kulia yanaposafiri. Yakigonga dishi hugeuka kuwa ya mkono wa kushoto, na kwa hiyo pembe iliyo kwenye fokasi inapaswa kuwa ya mkono wa kushoto. Ukikosea hapa ishara hupotea karibu yote, wala kipimo chochote cha kelele hakitakuonyesha kosa, kwani kelele ya anga haina upande. Mdomo wa pembe ufunikwe kwa utando mwembamba wa plastiki usionyonya mawimbi, kisha upuliziwe hewa kavu au uwekewe kinga, kwa maana tabaka la maji ya mvua au umande juu ya utando huo linaweza kuongeza kelvini nyingi kuliko amplifaya yenyewe.

Baada ya amplifaya ya kwanza

Hapa mambo yanakuwa mepesi. Kelele ya kila hatua inayofuata hugawanywa kwa ukuzaji wa hatua zote zilizoitangulia. Amplifaya ya kwanza yenye desibeli 30 huigawanya kwa 1,000, na hivyo miksa (kifaa cha kushusha masafa) duni yenye kiwango cha kelele cha desibeli 10, sawa na kelvini 2,610, huchangia kelvini 2.6 tu. Lakini ukiweka kati yao kebo ndefu inayopoteza desibeli 6, mchango wa miksa hiyo hiyo hupanda hadi zaidi ya kelvini 10. Suluhisho ni amplifaya ya pili kabla ya kebo.

Jambo moja husahauliwa mara kwa mara. Miksa hushusha masafa mawili kwa pamoja: lile unalolitaka, na kivuli chake kilicho upande wa pili wa masafa ya oksileta, yaani kifaa kinachoizalishia miksa wimbi la kushushia. Amplifaya ya kwanza hutoa kelele katika yote mawili, na usipoweka kichujio kabla ya miksa, kelele ya kivuli huongezwa juu ya ile halali na mfumo wako hupoteza desibeli 3. Ni kama kutupa nusu ya dishi.

Baada ya kushushwa, ishara huingia kwenye redio ya programu, yaani redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu, iliyounganishwa na kompyuta. Redio ya bei nafuu inatosha, mradi uweze kuzima mfumo wake wa kujirekebisha ukuzaji na uweze kuiongoza kwa saa ya nje, yaani oksileta thabiti ya kuyalinganishia masafa yake.

Saa hiyo ni ya lazima. Ishara utakayoitafuta ni mstari mwembamba, na njia ya kuiona ni kuyagawa masafa katika vipande vya hezi moja hivi, ili kila kipande kibebe kelele kidogo. Oksileta ya kawaida huyumba kwa mamia ya hezi katika GHz 8.4 na kuusambaza mstari huo mpaka usionekane. Oksileta ya megahezi 10 inayoongozwa na setilaiti za GPS, yenye uthabiti wa sehemu moja ya bilioni 10, huyumba kwa chini ya hezi moja, na hiyo inatosha. Iunganishe na oksileta ya miksa pamoja na redio ya programu, zote mbili kwa saa moja.

Pima kwa moto na baridi

Usiamini karatasi ya mtengenezaji. Pima mwenyewe. Elekeza pembe peke yake, bila dishi, utosini penye anga safi, mbali na miti na kuta, kisha andika nguvu ya kelele. Halafu funika mdomo wote wa pembe kwa sifongo ya kaboni inayonyonya mikrowevu, ambayo halijoto yake umeipima kwa kipimajoto, na uandike tena. Uwiano wa nguvu hizo mbili huitwa Y. Halijoto ya kipokezi ni ya moto kutoa zao la Y na ya baridi, yote ikigawanywa kwa Y kutoa 1.

Tuseme sifongo ina kelvini 295, anga ya utosini ni kelvini 6, na tofauti iliyopimwa ni desibeli 6.5, yaani Y ni 4.47. Kipokezi kina takriban kelvini 77. Sasa jaribu kudhani kwamba anga ilikuwa kelvini 10: jibu linashuka hadi 72. Kosa katika upande wa baridi huingia moja kwa moja kwenye jibu, na ndiyo sababu maabara hutumia kizuizi kilichozamishwa ndani ya naitrojeni kimiminika, kwenye kelvini 77, au baridi zaidi ya hapo. Hakikisha pia mfumo hauelemewi: ongeza kipunguzaji cha desibeli 3 kabla ya redio ya programu na upime upya. Y ikibadilika, kuna hatua ilikuwa imejaa, na vipimo vya awali havina thamani.

Ukisharudisha pembe kwenye fokasi, lipime dishi zima kwa Jua. Mfumo wa mita 1.8 wenye kelele nzuri unapaswa kuonyesha ongezeko la zaidi ya desibeli 10 ukilinganisha na anga tupu iliyo kwenye mwinuko uleule. Kama dishi limepakwa rangi ya kung'aa, usiliache muda mrefu kwenye Jua, kwa sababu joto hukusanyika pia kwenye fokasi na kuyeyusha plastiki. Mwezi ni kipimo kigumu zaidi na cha haki zaidi. Uso wake una zaidi ya kelvini 200, lakini kwa mwale wa nyuzi 1.4 unajaza sehemu ndogo tu, na ongezeko huwa kelvini kumi na kitu. Mfumo unaouona Mwezi waziwazi uko tayari kwa Mirihi.

Kuhusu kupoza

Swali la kupoza amplifaya huja mapema mno kwa wengi. Amplifaya ya HEMT ikipozwa hadi karibu kelvini 15 kwa mashine ya heliamu, kelele yake hushuka hadi kelvini chache. Amplifaya za namna hiyo zilifungwa kwenye antena za Very Large Array, kundi la darubini za redio huko New Mexico, Marekani, ili kusaidia kupokea picha za Voyager 2 kutoka Neptuni mwaka 1989. Lakini kupoza kunahitaji chombo cha ombwe, dirisha linalopitisha mawimbi bila kuyanyonya, kebo za chuma cha pua zisizopitisha joto, na umeme mwingi usiku na mchana. Mwenye mfumo wa kelvini 90, ambamo 30 ni za ardhi na 10 ni za viunganishi, azimalize hizo 40 kwanza.

Kutafuta ishara ya kwanza

Anza na chombo chenye nguvu. Mars Reconnaissance Orbiter ina kisambazaji cha wati 100 na antena ya mita 3. Kwa umbali wa kilomita milioni 200, dishi la mita 1.8 hupokea kutoka kwake takriban dBm -139, na kwa mfumo wa kelvini 100 nguvu hiyo iko karibu desibeli 39 juu ya kelele iliyomo katika hezi moja. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo ndani ya data iliyotawanyika. Kinachoonekana kama mstari ni wimbi bebezi, yaani wimbi tupu linalobebeshwa data, na ukubwa wake hutegemea namna chombo kinavyotuma wakati huo. Chombo nacho lazima kiwe kimeielekezea dunia antena yake. Usipoona kitu leo, usivunje kipokezi. Rudia siku nyingine.

Mahali pa kuelekeza dishi na kasi ya chombo hupatikana kutoka mfumo wa Horizons wa JPL, maabara ya NASA, ambao hukokotoa yote kwa mahali ulipo. Kila kilomita moja kwa sekunde ya kasi ya chombo kuja au kwenda hubadilisha masafa kwa kilohezi 28 katika Bendi X, hivyo hesabu hii haiachwi. Mzunguko wa dunia peke yake huweza kuyasogeza masafa kwa karibu hezi moja kila sekunde, na ndiyo sababu kipande cha hezi moja na muda wa sekunde moja vinaendana. Ukitaka kukusanya kwa dakika nzima, iache programu iondoe kwanza mabadiliko hayo ya masafa yanayoletwa na mwendo (mabadiliko ya Doppler) yaliyotabiriwa.

Fahamu pia kwamba chombo kilichoshika mawimbi yanayopandishwa kutoka duniani hutuma masafa yaliyofungwa kwayo kwa uwiano wa 880 kwa 749, na kisiposhika hutumia oksileta yake. Mstari unaweza kuruka ghafla kwa kilohezi kadhaa katikati ya upokeaji, wala si hitilafu yako.

Ukiona mstari, uthibitishe. Sogeza dishi pembeni kwa upana wa miale miwili: ishara ya kweli hutoweka, mwingilio wa jirani hubaki. Kisha fuata mteremko wake kwa nusu saa na uulinganishe na utabiri. Kompyuta iliyo mezani haiwezi kuiga mwendo wa Mirihi na mzunguko wa dunia kwa pamoja. Andika tarehe, mwinuko, hali ya hewa, Y ya siku hiyo na nguvu ya mstari juu ya kelele, kwa kuwa kila badiliko utakalolifanya kwenye pembe au amplifaya baadaye litapimwa dhidi ya namba hizo.